Ndege ya ku ordinatere: ni gani inastahili feza ya mutumikaji?

Tangu tuliweka ordinatere mbili mu chumba cha nyuma cha biro yetu ya sendika, kuko swali lenye linarudia kila juma, na haliko juu ya mushahara wala juu ya viatu vya kazi. Ni hili: mu simulatere, ndege gani inashinda zingine? Vijana njo walianza kuuliza. Sasa baba zao pia wanauliza, juu wao njo wanalipa. Na malipo hayo si ya muchezo. Ndege moja ya kulipia inaweza kufika dola 70. Kwetu hapa Lubumbashi dola 70 ni mifuko ya unga, ni feza ya masomo ya mutoto, ni dawa za muzee mwenye kulala mu nyumba. Kwa hiyo tulifanya kazi yenye madelege wote wanajua kufanya: tulikaa, tulijaribu moja moja, tuliandika, tulibishana, na leo tunatoa ripoti mbele ya watu wote.

Tuelewane kwanza

Simulatere ya nyumbani ni programu yenye inaleta anga na dunia ndani ya ordinatere: ardhi, mawingu, upepo, viwanja vya ndege. Mbili njo zinajulikana sana. Ya kwanza ni Microsoft Flight Simulator, jina lenye lilianza mu 1982. Matoleo yake ya 2020 na 2024 yalitengenezwa na Asobo Studio, kampuni ya Bordeaux mu Ufaransa. Ya pili ni X-Plane, ya Laminar Research ya Marekani, yenye imefika ku toleo la 12. Kuko pia FlightGear, ya bure kabisa, yenye watu wa kujitolea wanaitengeneza tangu miaka ya 1990; kama ordinatere yako ni ya zamani, anza nayo bila haya.

Kila simulatere inakuja na ndege zake. Lakini nyingi kati ya hizo ni kama gari yenye dashibodi ya kuchora: vifungo unaviona vyote, unabonyeza, na kwa vingi hakuna kitu kinajibu. Hapo njo zinaingia ndege za kuongeza. Zinatengenezwa na watu wengine, kampuni ndogo ao kikundi cha marafiki, na wewe unaziingiza ndani ya simulatere yako. Zingine ni za bure, zingine za kulipia. Kati ya mbaya na nzuri kuko umbali mukubwa sana, na ku picha ya kutangaza hauwezi kuuona, juu kwa picha zote zinangaa.

Tulichagua aina mbili tu, Airbus A320 na Boeing 737-800. Sababu ni kwamba njo ndege zenye watu wetu wanaziona na kuzipanda. Congo Airways ilianza safari zake mu 2015 na A320. Air Congo, yenye Serikali yetu iliunda pamoja na Ethiopian Airlines, ilianza mu mwezi wa 12 wa 2024 na 737-800. Mutoto wa Ruashi mwenye anasikia motere juu ya manyumba wakati ndege inashuka Luano, mara nyingi anasikia moja ya hizo mbili.

Namna tulizipima

Sisi watu wa migodi tunajua neno simulatere mbele ya vijana. Mu migodi mikubwa, mutu mwenye ataendesha kamyo kubwa ya benne anaanza ndani ya chumba, mbele ya maekra, na kiti chenye kutetemeka. Mwalimu anamukatia breki, anamuletea moto ku motere, na anaangalia mukono wake unaenda wapi. Mashini ya namna hiyo haipimwe kwa uzuri wa picha. Inapimwa kwa jambo moja: ukikosea, inakuonyesha? Ukifanya sawa, inakujibu sawa? Tulichukua kipimo hicho, tukakipeleka ku ndege.

Mutihani wa kwanza: ndege yenye kulala. Tunaikuta imezimwa yote, bila hata taa. Tunawasha batri, tunawasha motere ndogo ya mukia yenye inatoa umeme na hewa, tunawasha vyombo vyenye vinaambia ndege iko wapi, na tunangojea. Ku ndege ya kweli, vyombo hivyo vinaomba dakika kadhaa, na ndege haipashwe kusukumwa wakati huo. Ndege ya ovyo ya simulatere iko tayari mara moja. Hapo tunajua kwamba ndani hamuna kitu.

Mutihani wa pili: kukata umeme. Tukiwa juu, tunazima jenereta zote mbili. Ku A320 ya kweli, ekra za piloti wa kuume zinazimika, lakini ekra kubwa ya kapteni na ile ya juu ya katikati zinabaki, juu kapropela kadogo kanashuka chini ya ndege na upepo unakazungusha kusudi katoe umeme wa lazima. Swali letu: ndege ya ku ordinatere inazima ekra zenye zinapaswa kuzimika, ao inazima zote, ao haizime hata moja?

Mutihani wa tatu: motere moja inakufa wakati wa kuruka Luano. Kiwanja chetu kiko ku urefu wa karibu metre 1.300 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, motere zinatoa nguvu kidogo, na ndege inakula barabara ndefu zaidi kuliko ku N'djili, yenye iko chini, karibu metre 300. Kama ndege inapanda Luano sawasawa na vile inapanda Kinshasa, haiko ndege, ni muchezo wa watoto.

Mutihani wa ine: safari kamili, Luano mpaka N'djili, zaidi ya kilometre 1.500, masaa mbili na zaidi. Tunaandika njia yote ndani ya ordinatere ya ndege yenyewe, tunabadilisha njiani, tunaomba izunguke fasi moja, na tunaangalia kama inafuata.

Mutihani wa tano ni wa kwetu: mashini ya mutumikaji inaweza kuibeba? Zetu ziko na memori ya giga 16 na karte grafiki ya miaka kadhaa, yenye tulinunua ikiwa imetumiwa. Na courant inakatika wakati inapenda.

A320 ya bure: kazi ya watu wengi

Ndege ya kwanza inaitwa A32NX, ya kikundi FlyByWire. Ni A320neo, ile ya motere mupya. Ilianza mu 2020 wakati watu wa inchi mbalimbali, wenye hawakujuana, waliona kwamba A320neo ya kuja na Microsoft Flight Simulator ilikuwa na mapungufu mengi, na wakaamua kuitengeneza sehemu kwa sehemu. Kazi yao iko wazi: mutu yeyote anaweza kusoma namna ilivyoandikwa, kuonyesha kosa, kuleta dawa. Ni salongo ya kweli, na hakuna mukubwa wa mutaa mwenye alipita na orodha ya wenye hawakuja.

Ku mutihani wa kwanza ilishinda. Ku mutihani wa pili pia: umeme wake unatembea njia zake sawa vile mu kitabu, na ekra zinazimika zenye zinapashwa kuzimika. Tulijaribu tena jambo moja lenye wenye Airbus wanajivunia. Ukisukuma mukono wa kuongoza mpaka mwisho ku upande, A320 inakataa kulala zaidi ya digri 67. Ukiachilia, inarudi yenyewe mpaka 33 na kubaki pale. A32NX ilifanya hivyo bila kukosea. Hitilafu unaweza kuzichagua ku tabuleti yenye iko ndani ya chumba cha piloti, hata kama orodha haiko ndefu sana. Ku safari ya Kinshasa ilifuata njia, ilijua mafuta itafika nayo, ilianza kushuka fasi yake.

Kwa mashini zetu, ilibebeka. Haikukimbia, lakini ilibebeka.

A320 ya kulipia: ile yenye inajua kugonjwa

Ya pili ni A320 ya Fenix, kampuni ya Uingereza, yenye ilitoka mu mwezi wa 5 wa 2022. Bei yake ilitoka ku paundi 50 za Uingereza. Ni A320 ya mbele ya neo, na kwetu hilo ni jambo, juu A320 za Congo Airways zilikuwa za aina hiyo ya mbele. Unaweza kuichukua na motere za CFM ao za IAE.

Nguvu ya Fenix iko ndani, fasi yenye macho hayafike. Vifungo vidogo vya kukatia umeme, vile vyenye viko nyuma ya kichwa cha mapiloti na ku ndege nyingi za simulatere ni rangi tu, hapa vinafanya kazi: ukivuta kimoja, chombo chake kinakufa. Orodha ya hitilafu ni ndefu. Unaweza kusema: leo pompi hii ifariki, lakini mimi nisijue saa gani. Njo namna mwalimu wa kamyo anafanya.

Tulipoua motere ya kushoto Luano, ndege ilivuta upande, ilipanda polepole sawa muzee mwenye kupanda ngazi na gunia ku bega, na ekra ya katikati ikaanza kutuandikia mustari kwa mustari kazi ya kufanya. Ku jambo hilo Airbus zote mbili zinafanana: ndege inakuandikia. Lakini Fenix ilitubana zaidi, juu kila jambo lenye tulikawia kufanya lilizaa lingine.

Bei yake ya pili ni mashini. Sehemu kubwa ya Fenix inatembea ku upande wa simulatere kama programu yake yenyewe, na inaomba memori na prosesere ya nguvu. Ku mashini zetu, wakati wa kushuka N'djili juu ya manyumba mengi ya Kinshasa, picha zilianza kurukaruka. Kabla ya kulipa paundi zako, uliza ordinatere yako kama inakubali.

737-800: ndege yenye haikuandikie kitu

Boeing 737 ni mutu mwingine. A320 inakuonyesha kosa na dawa. 737 inakuwashia taa ya manjano, inakuonyesha upande wa kuangalia, na inakuachia kitabu. Jenereta za A320 zinaingia kazini zenyewe kisha motere kuwaka; ku 737 piloti mwenyewe anaziingiza kwa mukono, na kama anasahau na kuzima ile motere ya mukia, umeme mwingi wa ndege unaenda. Kwa mwenye kujifunza, hiyo ni shule nzuri. Inakulazimisha kujua umeme unatoka wapi.

737-800 ya PMDG, kampuni ya Marekani, ilifika ku Microsoft Flight Simulator mu 2022, kwa bei ya karibu dola 70. Ilishinda mitihani ine ya kwanza bila kelele. Jenereta zenye kusahauliwa, breki zenye kupata moto, mafuta yenye kukaa zaidi upande mumoja, yote hiyo inajibu. Na tulishangaa kidogo: ku mashini zetu ilikuwa nyepesi kuliko Fenix.

Kisha kuko ile yenye watu wanaita Zibo, kwa X-Plane. Ni ya bure. Wenye kuitengeneza walichukua 737-800 yenye kuja na X-Plane, wakaigeuza, na wangali wanaiongezea mambo mapya mara kwa mara. Unapaswa kuwa na X-Plane yenyewe, na hiyo ni ya kulipia, lakini kisha hapo hautoe tena hata franka moja. Picha za chumba cha piloti haziko nzuri sawa za PMDG. Mifumo yake, kwa mitihani yetu, ilijibu karibu sawa. Wawili kati yetu waliichagua kuwa ya kwanza, na tulibishana mpaka mulinzi akaja kufunga mulango.

Umeme, internete, na mukono wa kuongoza

Mambo matatu hayaandikwe ku matangazo ya wauzishaji, lakini hapa njo yanaamua.

La kwanza ni internete. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ni zaidi ya giga 100 za kushusha. Ile ya 2024 ni ndogo ku diski, lakini vitu vingi inavitafuta ku internete wakati unaruka. Picha za ardhi pia zinatoka kule. Bila internete, toleo la 2020 linakubali kuruka, lakini ardhi inakuwa ya kubunibuni tu. X-Plane ukimaliza kuiweka, inaruka bila internete. Kwa nyumba yenye inanunua mega kwa siku, hesabu hiyo inaweza kupita bei ya ndege.

Tuseme pia uzuri wake. Ukitoka Luano kuelekea Kinshasa na picha za satelite zimefunguliwa, unapita karibu na Likasi, kisha karibu na Kolwezi, na mashimo ya migodi yanaonekana chini, makubwa, na rangi zake. Muzee mumoja mwenye alitumika Kolwezi miaka mingi na hakupanda ndege hata siku moja alisogelea ekra, akatafuta na kidole fasi yenye alikuwa anashuka kila asubui. Alikaa hapo muda murefu. Ndege ilikuwa imekwisha kupita Kolwezi, yeye alituomba tuirudishe nyuma.

La pili ni umeme. Courant ikikatika ukiwa juu ya Kasai, safari ya masaa mbili imekufa. Kwa hilo, kuko ndege za X-Plane zenye zinatupendeza: Airbus za ToLiss, A319, A321 na dada zao. Ni za kulipia, na bei yake inapita ya Fenix. Lakini ziko na jambo lenye kwetu ni dhahabu: zinachunga safari zenyewe kila kisha muda, na hali yote ya ndege, mafuta, njia, vifungo. Umeme ukirudi, unafungua, na uko pale pale juu ya mawingu. Mutu wa Paris anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Sisi tulilipa pointi nyingi.

La tatu ni mukono wa kuongoza. A320 inaongozwa na kimukono kidogo cha upande, na mukono wa muchezo wa bei ndogo unafanana nacho. 737 inaongozwa na usukani mukubwa mbele ya kifua, na ule ni gali. Mwenye ana mukono wa kawaida tu atajisikia vizuri zaidi ndani ya Airbus. Na wote wajue: vitabu vya ndege hizi karibu vyote ni vya Kiingereza. Kijana wetu anajua Kifaransa cha shule na Swahili ya nyumbani. Tulianza kutafsiri orodha za kuwasha motere ku karatasi, na tunatafuta mikono ya kusaidia.

Ndege ya flash ya dola 5

Mu muji kuko watu wenye wanauzisha ndege hizi ku flash, za kuiba, kwa dola 5. Tunasema wazi hatutaki, kwa sababu mbili. Kwanza, kuko watu wenye waliketi miaka wakiandika kazi hiyo, na sendika yenye inapigania mushahara wa mutumikaji wa Likasi haiwezi kucheka mushahara wa mutumikaji wa London. Pili, haujue ndani ya flash kuna nini. Hata wauzishaji wa halali wamekwisha kushangaza watu: mu 2018, watumiaji waligundua kwamba programu ya kuweka A320 ya Flight Sim Labs ilikuwa na faili lenye kuweza kuchukua maneno ya siri mu Chrome. Kampuni ilisema lilikuwa la kunasa wezi tu. Makelele yalikuwa makubwa, na likaondolewa. Kama hilo linaweza kutokea ku duka la kweli, mwenye flash ya barabarani atakuwekea nini? Telefone yako ya kupokea mushahara inaungana na ordinatere hiyo hiyo.

Chenye ndege hizi haziwezi kukupa

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole.

Haiko siku nyingi watumikaji wawili walikuja kwetu na karatasi mu mukono. Mumoja alikuwa amepokea dekonti yake ya mwisho kisha miaka mingi mu mugodi. Sehemu kubwa ya feza ile aliitoa kwa mahali pamoja hapa muji, penye panajiita shule, kusudi mutoto wake awe piloti. Tulienda kuona. Ni chumba kimoja, ekra tatu, kiti cha gari, na A320 yenye kwa macho yetu ni ile ile ya bure yenye tulisema hapa juu. Mwisho wa miezi, kijana alipewa cheti chenye muhuri, na juu yake masaa 100 ya "kuruka". Jina la mahali hapo hatulitaje mu gazeti. Mambo hayo yatafuata njia yake.

Lakini kila mutu ajue kanuni. Leseni ya piloti mu inchi yetu inatolewa na Autorité de l'Aviation Civile, hakuna mwingine. Kanuni za OACI, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya anga, zinaomba angalau masaa 40 ya kuruka kwa leseni ya piloti wa binafsi na 200 kwa leseni ya biashara, hata kama shule zenye kukubaliwa zinaweza kupunguza hesabu kidogo. Simulatere zenye zinaweza kuhesabiwa ni zile zenye serikali imezipima na kuzikubali, na hata hizo zinaingia kwa sehemu ndogo tu. Ndege ya nyumbani, iwe ya dola 70 ao ya bure, iwe Fenix ao Zibo, haitoe hata dakika moja ku hesabu hiyo.

Je, basi ni bure kabisa? Hapana. Kijana wetu mumoja alianza na kubonyeza ovyo. Leo anaweza kusimama mbele ya wenzake na kueleza umeme wa A320 unatoka wapi, unapita wapi, na nini inabaki wakati yote inakufa. Hiyo ni akili ya fundi wa umeme. Iko na soko ku migodi, iko na soko ku kiwanja cha ndege, iko na soko fasi yote yenye kuko motere. Kama baba analipa kusudi mutoto apate akili hiyo, analipa vizuri. Kama analipa kusudi apate leseni, anaibiwa.

Mwisho wa mabishano

Tulipiga kura, sawa kawaida yetu, na hii njo tunashauri.

Mwenye ana Microsoft Flight Simulator na hana feza zaidi, achukue A32NX ya FlyByWire, na asijisikie maskini. Amalize mwaka muzima nayo kabla ya kufikiri kununua ingine.

Mwenye ana internete ndogo na umeme wa kukatika, aende ku X-Plane na Zibo. Akipata feza kisha, aongeze ToLiss juu ya kuchunga safari.

Mwenye ana ordinatere ya nguvu na anapenda kujifunza hitilafu, Fenix ni mwalimu mukali kuliko zote zenye tuliona. Mwenye anapenda 737 na ana dola 70, PMDG haitamupa haya.

Na mwenye bado hana kitu, asinunue kitu. Likelemba ya ndege haiwezekane hata hivyo, juu licence moja ni ya mutu mumoja, haiko ya kugawanya kwa manyumba kumi. Aje ku biro yetu siku ya posho kisha kazi. Ordinatere ni mbili, viti ni ine, na orodha ya kungojea iko ku mulango. Mutoto anaandika jina lake mwenyewe. Baba pia anaweza kuandika lake.